Mashine Ambayo Sikuiacha Izime

Jumatatu, 6 Oktoba

Kura, umeme wa mji, imekwenda mara nne. Mara nne nimewasha gurupe, jenereta yetu, kabla betri hazijaisha. Mgongo unauma. Mashine ya hospitali, kompyuta yake kubwa, haikuzima. Haijazima tangu Februari, na ni kazi ya mikono yangu. Shefu alisema: mwaka mzima bila kuzima, nitapata kontra, mkataba wa kudumu. Nikiwa na kontra, mke wangu Kabedi atatoka Kongolo na watoto, tutapanga nyumba Katuba. Imebaki chini ya miezi minne. Joto kali. Nimekula bukari baridi.

Jumanne, 7 Oktoba

Chuma ni kimoja, lakini ndani yake enjeniere Nadine ametengeneza mashine tatu za bandia: ya labo, ya famasi, ya mapokezi. Kila moja inajiona ordinateri kamili. Ya labo imekuwa nzito. Mama mmoja amengoja jibu la damu ya mtoto wake toka asubuhi hadi saa nane. Mtoto amelala sakafuni. Nimeona vibaya.

Watu wa labo wananitania. "Papa Gurupe, ongeza mafuta ya mazutu, labda itakimbia." Sikucheka.

Jumatano, 8 Oktoba

Nadine amenieleza. Ni rika la binti yangu, lakini haringi. Kumbukumbu ni pale mashine inapoweka vitu wakati wa kazi. Mashine ya bandia inataja namba ya mahali, kama namba ya nyumba. Namba ile si ya kweli. Lazima kwanza kuangalia kwenye orodha: mahali hapa ni wapi hasa ndani ya chuma. Kumbukumbu imekatwa vipande vidogo sana, kwa hiyo orodha ni ndefu na muda unaishia katika kutafuta. Yeye anataka vipande vikubwa, kila kimoja sawa na vidogo mia tano na zaidi. Orodha itakuwa fupi.

Niliacha shule darasa la tano, lakini hili nimelielewa. Nilibeba mizigo sokoni Kenya, mtaa wa hapa mjini. Kubeba gunia zima ni kitu kimoja. Kulibeba kikombe kwa kikombe ni ujinga.

Alhamisi, 9 Oktoba

Imeshindikana. Anaomba vipande vikubwa, chuma kinampa vichache tu. Nafasi ipo, lakini imetawanyika, kidogo hapa, kidogo pale. Mashine ikikaa muda mrefu bila kuzimwa ndivyo inavyokuwa. Vipande vikubwa hutengwa pale inapowaka tu, kabla wengine hawajaingia na kukaa popote. Nikamuuliza, sasa itafanywaje. Akaangalia chini.

"Papa Kasongo, iko lazima tuizimishe."

Nimesema hapana. Nimetoka nje, nimekaa juu ya pipa. Miezi minane nimeilinda. Kumbe kuilinda ndiko kulikoiharibu. Nina hasira na Nadine. Nina hasira na chuma.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nadine amempigia shefu, amemwomba kuzima huku kusihesabiwe. Shefu amejibu: zimeni mkitaka, lakini kuzima ni kuzima. Nadine angeweza kuizima kwa vidole vyake nisipokuwepo. Hafanyi. Anasema kontra yangu imo ndani ya mashine hiyo.

Labo wamerudi kwenye karatasi. Wamechanganya majina ya wagonjwa wawili. Wamegundua mfuko wa damu ukiwa tayari umetundikwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimefua nguo. Nimempigia Kabedi. Ameanza kufunga vyombo, ananiuliza kama huku sufuria ni ghali. Sikumwambia kitu. Mimi ni mwoga.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya misa nimekwenda moja kwa moja kazini. Nadine alikuwepo. Nimemwambia tuizime, na kwamba nitabonyeza mimi.

"Papa, utajuta."

"Nitajuta. Funga zako."

Amefunga mashine za bandia moja moja. Nimebonyeza. Feni zimepungua sauti, zimesimama. Chumba hiki sijawahi kukisikia kimya. Nilitaka kulia.

Imewaka. Nadine ametenga vipande vikubwa kabla ya kitu kingine chochote. Lakini labo ameipa kupita kiasi, famasi imekosa nafasi, imekataa kuwaka. Uso wake umebadilika. Tumezima tena. Mara mbili siku moja. Amepunguza ya labo, zote tatu zimewaka. Nimeandika kwenye daftari la ukutani: imezimwa mara mbili, Kasongo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Shefu amesoma daftari. Ameuliza nani.

"Ni mimi, shefu."

"Basi mwaka wako unaanza tena moja."

Nadine alifungua mdomo. Nilimtazama, akaufunga. Shefu ameondoka bila kupita labo.

Kura imekwenda mara mbili. Nimewasha gurupe kama kawaida. Nilifikiri mikono itakataa.

Jumatano, 15 Oktoba

Labo inatoa majibu watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa. Wanadhani tumenunua mashine mpya. Nimewaacha wadhani hivyo.

Mchana nimempigia Kabedi. Nimemweleza yote, hata kwamba nilibonyeza mwenyewe. Nimesema asifunge vyombo, apande mihogo, mvua iko karibu. Nimesikia kuku nyuma yake. Mihogo inataka mwaka, anajua. Kisha ameuliza apande mistari mingapi.

Nimesema shamba lote.