Shemeji Asiyekunywa na Sufuria Yangu ya Bia

Shamba la Gosselin,
Moxee, Washington.
Jumatano, 4 Septemba 1996.

Mpendwa dada Rosalie,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba ile nyonga mpya waliyokuwekea huko Fairbanks imekubali kupanda ngazi bila manung'uniko. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Odile ni mzima na anakusalimu sana. Mguu wangu unauma nikipanda na unauma nikishuka, kwa hiyo angalau hauna upendeleo. Je, yule kulungu mkubwa mwenye pembe kama makoleo bado anakula kabichi zako, au hatimaye jirani amemfanya kitoweo?

Hapa tuko katikati ya mavuno ya hopsi, haya maua machungu ya bia yanayotulisha. Malori yanapita tangu alfajiri yakidondosha mitambazi barabarani, na nyumba za kukaushia maua zinafuka mpaka shuka za Odile zinanuka hopsi hata kabla hazijaanikwa. Mwaka huu maua ni manene. Akina Desrosiers wamepata utitiri mwekundu shambani, nao wanasema umetoka kwetu. Sisi tunasema umetoka kwao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua umekwisha kulisikia kwa Bernadette, maana mdogo wetu yule hana siri, ana simu. Amekwambia kwamba nimegombana na mumewe. Si kweli. Sijagombana na Verlin. Nilimshuku tu, kimya kimya na kwa adabu, tangu theluji ilipoyeyuka.

Unajua Verlin alivyo. Maisha yake yote alikuwa mtunza saa wa mbio pale shule ya sekondari, saa shingoni, kofia kichwani. Walipomstaafisha alianza kupima muda wa mayai ya Bernadette, kisha muda wa simu zake. Ndipo Bernadette akanipigia: "Kaka, nakuomba, mchukue huyu mtu Jumamosi, mpe chochote cha kupima." Nikampa sufuria. Ninapika bia gerejini kila Jumamosi mchana, na jioni lazima nimpeleke Odile kwenye misa kwa kuwa yeye ndiye sauti ya pili ya kwaya. Nilihitaji mtu wa kukaa na moto.

Lakini dada, fikiri na wewe. Verlin ni Mbaptisti wa kweli. Hajawahi kuonja pombe, hata ile ya kwenye dawa ya kikohozi huichunguza kwanza. Mtu asiyekunywa anatafuta nini katika gereji ya bia, tena kila wiki, tena anakuja mapema?

Na hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika. Bia yangu ni ile ya rangi ya shaba, iitwayo kwa Kiingereza "pale ale", ya kimea cheupe na hopsi za kwetu aina ya Cascade. Nimeihangaikia miaka. Nimebadilisha hamira, nimepunguza kimea cha sukari, nimegombana na maji ya mji. Na pamoja na hayo yote ilibaki chungu kiasi cha kumfanya padri anywe huku amefumba jicho moja. Mara tu Verlin alipoanza kukaa na sufuria, bia ikawa nzuri. Nzuri sana. Ukiinua glasi inanukia balungi lililomenywa sasa hivi, na uchungu unakuja mwishoni, taratibu, kama mgeni aliyebisha hodi.

Nilipoipeleka kwenye chama chetu cha wapika bia, mzee Burl Swanstrom alikunywa, akainamia glasi, akanitazama.

"Gosselin, umefanya nini?"

"Mambo yangu."

"Mambo yako tunayajua, tumeyatema miaka yote. Hii ni ya nani?"

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini neno lile nilikwenda nalo nyumbani. Kwa kweli, ilikuwa ya nani? Mimi sikuwa nimegeuza kitu chochote.

Basi nikaanza kumchunguza shemeji. Nilimkumbatia kila alipofika ili ninuse koti lake kama ameficha hopsi za kigeni, mpaka akamwuliza Odile kama nina ugonjwa ambao hatujamwambia. Nilifunga uzi mweusi kwenye mlango wa friza la hopsi, haukukatika. Nilimwuliza kwa ujanja kama ana rafiki yeyote mwenye shamba la hopsi za aina nyingine. Akasema, "Armand, hapa Moxee nani hana?" Jibu la mtu mwenye hatia, au la mtu wa Moxee. Sikuweza kutofautisha.

Yote hayo yangebaki mchezo wa wazee kama si yule binti Kirsten Aldous. Ndiye mwenye kiwanda kidogo cha bia nyuma ya duka la matairi. Aliionja, akasema ataipika yeye, mapipa kadhaa, iuzwe kwenye maonyesho ya kaunti mwisho wa mwezi huu, jina la Gosselin juu ya bomba. Unakumbuka baba alivyopeleka hopsi zake kwenye maonyesho yale mwaka baada ya mwaka na hakurudi hata na utepe wa kijani, ule wa kifuta machozi. Nilitoka pale nikitembea kama mwenye miguu miwili mizima.

Nilimpa maelekezo yangu yote. Akapika chungu cha majaribio, na ilipokuwa tayari akaniita.

"Mzee Armand, kaa. Onja."

Nikaonja. Ilikuwa bia yangu ya zamani, ile ya padri.

"Ni kali kidogo," nikasema.

"Kidogo? Ni kama kulamba betri. Nimefuata kila ulichoniambia. Ama kuna kitu umenificha, ama ile uliyonionjesha hukuipika wewe."

"Binti, mimi si mwizi."

"Basi niletee ukweli kabla ya Jumamosi ijayo. Nikichelewa kupika, haitaiva kwa maonyesho, na bomba nitampa Burl."

Burl! Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilikwenda misani nikiwa na mawazo yasiyofaa misani. Mahubiri yalipoanza nikamnong'oneza Odile kwamba mguu unaniuma.

"Mguu wako unauma kila padri akifungua mdomo," akasema. "Nenda kamvizie huyo maskini, umalize."

Nikaegesha gari kwa jirani, nikaja kwa mguu, nikachungulia dirishani kutoka nyuma ya mapipa ya taka. Verlin alikuwa amesimama wima mbele ya sufuria, saa mkononi, togwa ya kimea ikichemka. Mezani huwa namwachia vikombe vitatu vya hopsi, nimeviandika kwa chaki: kikubwa 60, cha kati 20, kidogo 5. Nilisubiri atoe kitu kwenye koti. Hakutoa kitu. Ila niliona jambo la ajabu: vikombe viwili vilikuwa vitupu, na kile kikubwa, ambacho kilipaswa kumiminwa kwanza kabisa, bado kilikuwa kimejaa pomoni.

Kisha Verlin akainua mkono kama yuko uwanjani, akaiambia sufuria kwa sauti, "Sitini!" Akamimina kikombe chote, akazima moto.

Dada, hapo ndipo nilipoelewa. Sisi wapika bia tunahesabu dakika kutoka mwisho. Sitini maana yake zimebaki sitini, yaani mwanzoni kabisa, ili hopsi zichemke zitoe uchungu. Tano maana yake zimebaki tano, kwa ajili ya harufu. Kila mpika bia anajua hilo, ndiyo maana hakuna anayemwambia mwenzake. Lakini mtunza saa wa mbio, saa yake huanza kwenye sifuri na kupanda. Yeye alikuwa anatia kidogo mwanzoni na rundo zima mwishoni. Uchungu ukabaki kiasi, harufu yote ikabaki kwenye bia. Kile nilichokitafuta miaka yote kilikuwa kosa la mtu asiyeweza hata kukionja.

Niliingia nikiwa na sentensi ya kumweleza kosa lake tayari mdomoni.

"Umerudi mapema," akasema. "Padri ameishiwa?"

"Ameishiwa."

"Zote zimeingia kwa wakati wake. Sijapitiliza hata sekunde." Akaivua saa shingoni, akaitazama, hakunitazama mimi. "Armand, nikuulize. Watu wanaipenda kweli hii bia, au wewe na Bernadette mmepanga tu pa kuniweka?"

Sentensi ile niliimeza. Ilikuwa chungu kuliko bia ya padri.

"Wanaipenda," nikamwambia. "Na inapendwa kwa sababu ya saa."

Jumatatu nilimpelekea Kirsten ukweli wote. Alicheka mpaka akashika pipa. "Kwa hiyo fundi wa bia yangu ni Mbaptisti?"

"Na usimwambie amekosea. Akijua, hatarudi gerejini. Atarudi kwenye mayai."

Akakubali, kwa sharti kwamba Verlin aje mwenyewe Jumamosi hii kushika saa. Kuhusu jina juu ya bomba, nilimwambia afute Gosselin, aandike "Mtunza Saa". Verlin hawezi kuandikwa jina lake kwenye pombe, kanisa lao lingemla nyama, na mimi siwezi kuandikwa langu kwenye kazi ambayo sikuifanya. Baba atakuwa amenuna huko aliko, lakini yeye pia hakuwahi kuuza hopsi za mtu mwingine kwa jina lake.

Jana jioni nilikwenda kumweleza Verlin kwamba Kirsten anamhitaji Jumamosi. Alichukua kitambaa, akaanza kupangusa kioo cha saa.

"Hao vijana wa Kirsten," akasema, "wanahesabu kutoka wapi?"

"Kutoka mwanzo. Kama watu wote."

"Vizuri. Maana nimesikia wapo wanaohesabu kinyume."

Nikamtazama usoni. Aliendelea kupangusa kioo, na kioo kilikuwa safi. Dada, bado namshuku.

Ukizungumza na Bernadette, tafadhali zungumzeni hali ya hewa. Nisalimie shemeji Anders na mtwike lawama zangu kwa kutoandika. Msalimie Colette na mapacha, na usimsahau mama mkwe wako, kama bado anakumbuka mimi ni nani. Bikira Maria aishike nyonga yako kila ngazi, na msimu wa giza ukukute na kuni za kutosha na mtu wa kucheka naye.

Wako akupendaye, hata pale asipomwamini mtu,

Kaka yako,
Armand