Spika Kubwa ya Chumba cha Mbele

Ijumaa, tarehe 3

Wiki ya tatu ya ndoa, na bado nikimsikia anakohoa tu chumba cha mbele moyo unaruka. Mume wangu ni fundi redio. Ananukia moshi wa kuchomea nyaya. Wenzangu waolewe na wauza manukato, mimi nimeridhika.

Baada ya swala msikiti umeleta spika yake, inakoroma. Ya kanisa ilikuwa imeshafika — kaileta mwalimu wa kwaya, jirani yetu wa ukuta mmoja. Zimekaa benchi moja, bega kwa bega, zote na mafua. Mpenzi wangu anasema spika haina dini, ina waya tu. Ana maneno huyu!

Jumamosi, tarehe 4

Shemeji, kaka yake mume wangu. Mwaka jana alikuwa mfalme wa kamari. Sasa ndevu zimefika kifuani na Mwislamu mtaa mzima kabaki yeye tu.

Kaja na wenzake wawili na nyundo. Mume wangu alikuwa sokoni kutafuta fyuzi. Nikachungulia pazia. Mmoja akauliza, ya kanisa ipi? Shemeji hakusita: "Kubwa. Si hao ndio wenye makelele?" Wakaiponda, kila pigo wakimtukuza Mungu. Kisha akaniona. Akasema: "Shemeji, rudi ndani, mambo ya dini hayakuhusu."

Kubwa ni ya msikiti.

Mume wangu aliporudi nilimweleza niliyoyaona, akakaa chini sakafuni. Akampigia kaka yake, akamwambia alichovunja. Simu ikakatwa.

Jumapili, tarehe 5

Kumekucha, mtaa mzima unajua: Wakristo wamevunja spika ya msikiti. Kasema nani? Shemeji. Analia kwenye baraza la imamu, machozi ya kweli, ndevu chepechepe. Fisi kafiwa na mbuzi.

Vijana wa msikiti wakaenda kanisani katikati ya ibada. Mawe. Mwalimu wa kwaya kapasuliwa juu ya jicho. Mkewe alikuja kuomba kitambaa, nikampa leso yangu mpya. Akaniuliza taratibu: bibi harusi, wewe si unashinda nyumbani, jana hukuona mtu? Mume wangu akajibu kabla sijafungua mdomo. "Alikuwa kwao, kwa mama yake."

Kadanganya vizuri. Hata hakupepesa. Sijui kwa nini nilidhani hajui kudanganya.

Jumatatu, tarehe 6

Imamu ametangaza: aliyeona aje msikitini asubuhi hii, aseme mbele ya watu. Yeye mwenyewe haamini kwamba ni Wakristo, lakini vijana wameapa — asipopatikana mvunjaji, wanachoma kwa mwalimu wa kwaya kabla ya adhuhuri. Shemeji ndiye anayewaongoza. Moto nao utauliza ukuta huu ni wa dini gani.

Mama mkwe amefika mapema, kakaa kitandani kwetu bila kuombwa. "Mwanangu, bibi harusi hana macho. Wakimuua mwanangu mkubwa kwa mdomo wako, utalala vipi na mdogo wake?"

Nikasema, na wakimuua jirani?

Akasema jirani ana ndugu zake.

Mume wangu kanishika mikono yote miwili. "Mpenzi, sema hukuona. Kwa ajili yangu." Sauti ileile ya usiku wa harusi. Nimesoma hadithi za mapenzi tangu kidato cha pili, sikukuta hata moja ambayo bwana anamwomba bibi macho yake.

Upande wa pili wa ukuta wanaburuta kabati. Mtoto analia, ananyamazishwa.

Imamu amekuja mwenyewe. Namsikia nje, anabisha, anasema anataka neno na mwenye nyumba na mkewe. Nimeshavaa baibui. Mume wangu amesimama mlangoni. Nimemwambia nipishe, nikaseme nilichoona. Anasema ngoja kwanza tuelewane.

Nimemwambia tena. Hajafungua. Hajanizuia. Ananitazama tu, na mama yake anamtazama yeye, na imamu anabisha —