Mkono wa Kulia wa Baba

Kimara, Jumapili

Kaka yangu Kornelio,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo huko Newala? Sie huku tunamshukuru Mungu, tunapumua. Naandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nikisikia sauti yako nasema mambo mazuri, na si mazuri.

Zile bangili mbili Baba alizovalishwa hospitali baada ya kiharusi zinarekodi mikono inavyosogea, halafu kompyuta inalinganisha mkono mzima na ule uliopooza, inakadiria kama utarudi. Nilikwambia mstari wa makadirio kwenye kompyuta unapanda, nawe kwa furaha ukaanza kumtafutia gogo la mpingo achonge tena.

Wiki iliyopita Jenipher, dada wa takwimu pale hospitali, aliniita pembeni. Akasema makadirio ni mazuri mno, yanampa wasiwasi. Mkono uliopooza unasogea alasiri tu, kwa mwendo uleule, wakati mwili wenyewe umetulia. Akauliza nani anakaa na mgonjwa saa hizo. Nikasema Mama.

Kesho yake niliwahi kutoka kazini. Nikamkuta Mama mkekani, Baba kalala ubavu, macho kafumba. Mama kamshikisha msasa, kaukamata ule mkono kwa mikono yake miwili, anausuguza kwenye kinyago ambacho Baba hakukimaliza. Unajua tangu tuzaliwe Baba anachonga, Mama anapiga msasa. Akaniambia waliambiwa bangili inapima kazi ya mkono, naye hataki mkono wa mumewe uonekane mvivu. Nilitaka kucheka, nikaenda kulia jikoni.

Jenipher alipoziondoa alasiri hizo kwenye hesabu, mstari ulilala chini kabisa. Mkono haurudi, kaka. Hilo gogo liache.

Nilimweleza Baba tukiwa wawili. Ulimi bado mzito, lakini nilimwelewa. Alisema anajua siku nyingi, na kwamba halali, anafumba macho tu. Mama akimshika, mkono ule hausikii kitu. Nikamuuliza mbona hamkatazi. Akasema tangu aanguke Mama haimbi tena, isipokuwa saa hiyo anaposugua.

Basi nimemwomba Jenipher atuachie bangili. Baba bado anazivaa, lakini zimezimwa, na Mama hajui. Ukija Krismasi ukamkuta anasugua, tafadhali msifie.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na wifi mwambie nimemkumbuka sana.

Mimi mdogo wako,
Anjelina