Mistari ya Chokaa Nyuma ya Goli

Kampala

Mdogo wangu Wafula,

Mkono umezeeka, kwa hiyo usishangae mwandiko. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji, ile miwani imemsaidia? Mimi bado napumua, ila ngazi za jukwaa sasa nazipanda kwa kukaa, kama mtoto. Daktari ameusikiliza moyo wangu, akakunja uso, akaniuliza kama nina watu wa karibu. Ndiyo sababu nakuandikia haraka.

Wafula, naogopa. Sijawahi kukuambia neno hilo.

Unakumbuka nilikuja huku na cheti changu cha shule, baba akitarajia niwe karani wa reli. Nikawa karani mchana na beki wa kushoto jioni, mpaka ukarani ukaniponyoka. Klabu kubwa zilinifuata, nikazikataa. Goti lilipoharibika, klabu yetu ndogo haikunifukuza. Walinipa ndoo na sponji, nikawa wa kuwakimbilia walioumia. Baadaye nilifua jezi, nikafundisha timu kila kocha alipotoroka, na mwisho nikatunza uwanja. Chumba changu kiko chini ya jukwaa, jirani na stoo ya mipira. Treni ikipita kuelekea Namuwongo, kitanda kinatikisika. Sina nyumba nyingine duniani.

Zamani tulikuwa na kocha Mskoti. Alitusimulia habari za mchezaji wa kwao aliyeitumikia klabu moja tangu ujana: alicheza, akafua jezi, akafagia, na alipokufa majivu yake yakamwagwa mbele ya goli. Nilikipenda kisa hicho. Miaka yote niliwasimulia wachezaji wetu, nikimalizia, "Na mimi mtanilaza nyuma ya goli la upande wa reli. Ila msinichome, jua limeshaniunguza vya kutosha." Walikuwa wakicheka.

Mwaka huu, kwenye karamu ya klabu huko Ggaba, samaki wakiwa mezani, mwenyekiti alisimama akatangaza kwamba klabu imelikubali ombi langu. Ombi! Ngoma zikalia, wengine wakafuta machozi. Nami nilisimama, nikainua mkono kushukuru. Hilo ndilo ninalokiri kwako: nilifurahi. Nilishangiliwa kama zamani, nikasahau kwamba wanashangilia kaburi.

Asubuhi moja baada ya hapo nilikuta nyuma ya goli mstatili wa chokaa. Mistari imenyooka sana. Aliyeichora ni Nalongo, mama wa mapacha aliyeirithi kazi yangu. Ni mimi niliyemfundisha kuvuta kamba kabla ya kumwaga chokaa.

"Nalongo, hiki ni nini?"

"Banange, mzee, si ni pahali pako? Chairman alisema niweke alama, watu wasiegeshe boda hapo."

"Umenipima lini?"

"Juzi ulilala kwa benchi. Nikapima na kamba." Akanitazama juu mpaka chini. "Ni fupi? Naongeza?"

Nilicheka, kisha nikakaa chini. Nilitaka kuifuta ile mistari kwa kiatu, nikashindwa. Maisha yangu yote nimewafokea watu wasikanyage chokaa mbichi. Nikamwambia ukweli, kwamba nataka kulala kwetu, kando ya baba na mama, na kwamba nitakuandikia wewe barua.

"Basi sema kwa chairman."

"Atasema ni ugonjwa unaongea. Alinisikia mwenyewe, miaka yote."

Akafikiri. "Mzee, maiti wanapea ndugu, hawapei barua. Huyo ndugu yako aje."

Lakini iko hofu ya pili, nayo ndiyo inayoninyima usingizi. Unaijua desturi yetu. Mwanaume asiyejenga katika boma la baba hana mlango wa kutokea kwenda kaburini. Wazee watasimamisha kibanda cha haraka, jeneza liingie na kutoka, na watu watatazama pembeni kwa aibu. Uliniambia nijenge hata chumba kimoja, nami nikakujibu kila mara, "Ligi ikiisha." Ligi haiishi, Wafula. Hapa watanizika kwa heshima nisiyoitaka, na huko mtanizika kwa aibu niliyojitafutia. Nikilazimishwa, nitachagua hiyo aibu.

Ila nakuomba usinifikishe hapo. Nijengee, si kwa ajili ya maiti. Chumba kimoja cha udongo, pale lilipokuwa zizi la ndama. Kisha njoo unichukue ningali natembea, niingie kwa miguu yangu, nilale humo hata usiku mmoja. Usimtume mtu. Mwenyekiti atakupokea vizuri, atakupeleka nyuma ya goli, atakuonyesha ile mistari akidhani utajivuna. Usimtukane, ananipenda. Mwambie tu kwamba nyumba yangu imeshaezekwa.

Nisalimie shemeji, na dada yetu aliyeolewa ng'ambo ya mto, ambaye bado ananiombea kila Jumapili. Mwanao fundi wa mabati mwambie baba yake mkubwa ana kazi ya kumpa, na asingoje kiangazi.

Jana mvua kubwa ilinyesha, chokaa ikafutika yote, nikalala vizuri. Lakini Jumamosi tuna mechi, na uwanja lazima uchorwe upya.

Ni mimi kaka yako,
Barasa