Mama Nungunungu Hakwenda Kerege

Baba, shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, ila mdomo umezoea.

Tangu utuache, Mama amehamia chumba cha mbele, anasema chenu kimekuwa kikubwa mno. Mimi na Rukia, mwanangu, tunalala naye. Televisheni yako ya chogo nimeigawa, uniwie radhi.

Nakuandikia kwa sababu ya ile katuni ya nungunungu. Kanda uliinunua Kariakoo, mimi na Kaka Hamisi tukawa tunaitazama kila Ijumaa ukitoka msikitini, wewe ukitutafsiria Kiingereza. Juzi nimeipata mtandaoni, nikamwekea Rukia kwenye simu, mimi nikitazama kwa jicho moja huku nakata mboga. Mama nungunungu akaingia mtoni. Mara mtoto yuko kwa kobe, analia. Rukia akauliza, "Mama yake yuko wapi?" Nikamjibu bila kufikiri, kama ulivyokuwa ukitujibu: "Kaenda Kerege kumuuguza dada yake. Atarudi."

Hapo nikashtuka. Nungunungu wa Ulaya ana dada Kerege?

Nikairudisha nyuma. Baba, mama yule alichukuliwa na maji. Kuna kipande kizima sijapata kukiona. Ndipo nikakumbuka: kila tulipofika mtoni ulisimama mbele ya televisheni, ukasema, "Kanda imekwama," ukabonyeza deki. Na mwishoni wanyama wote wanacheza, mama hayupo. Wewe ulituonyesha kwa kidole nungunungu yeyote wa nyuma: "Si yule pale!"

Shaka ikaniingia, haikutoka. Maana mwaka uleule Mama naye hakuwapo nyumbani, msimu mzima wa masika. Naye ulisema yuko Kerege, anamuuguza dada yake. Dada gani? Mama Mdogo Zuhura yuko Makurunge tangu aolewe, na Mama hana mwingine. Nikawaza mabaya, Baba. Nikawaza mliachana. Nikawaza kuna mwanamke. Nikampigia Kaka Hamisi, akasema, "Acha kumfukua marehemu." Nikamshuku na yeye.

Jana baada ya alasiri nikamwendea Mama, anapepeta mchele.

"Mama, masika ile ulikuwa wapi?"

Hakuniangalia. Akaweka ungo chini, akalegeza kanga, nikaona kovu refu ubavuni, limekunjamana kama kitambaa kilichoshonwa vibaya. Miaka yote hii sikuwahi kuliona.

"Nilikuwa hospitali, Dar," akasema. "Baba yako aliambiwa asitegemee kuwa nitapona. Akasema, watoto nitawaambia umekwenda Kerege. Nikamuuliza, na nisiporudi? Akanifunika shuka."

Akaendelea kupepeta.

Kumbe Ijumaa zote zile, ulipokuwa ukituambia "atarudi", hata wewe hukujua. Ulikaa katikati yetu, umetukumbatia, unatafsiri maneno ambayo hayakusemwa. Ungemwambia nani, Baba? Hata Kaka Hamisi hakujua. Nilipomweleza alikata simu, baadaye akapiga tena, akasema, "Mpe Mama simu."

Sasa nina jingine. Mama ameanza kukonda. Anasema ni joto. Simwamini, na nadhani anajua simwamini. Jumatatu nakwenda naye hospitali, apende asipende, na kwa daktari tutaingia wote. Atakachosema tutakibeba mimi na Kaka, na Rukia naye nitamwambia, kwa maneno anayoyaweza. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Mungu akupe nuru huko uliko. Mama hatakuwa peke yake.

Binti yako,
Mwanahawa