Sintesaiza Iliyopanda Sauti Katikati ya Misa

Jumapili, Julai, jioni

Baridi ya leo imepita ile ya wiki nzima. Upepo umevuma juu ya Ufipa tangu alfajiri bila kupumzika, na hata sasa, jua likiwa bado halijazama, ninaandika nikiwa nimejifunga blanketi mabegani. Ninachapa kwa kidole kimoja, polepole, kama ilivyo kawaida yangu.

Ninaandika hapa jambo ambalo leo asubuhi nilipaswa kulisema kwa mdomo.

Kinanda cha umeme cha kwaya yetu kiliungua kwa radi msimu wa mvua uliopita. Tangu hapo tumekuwa tukiimba bila ala yoyote, na mimi, niliyekuwa mwalimu wa kwaya hii hadi miguu iliponikatalia kusimama saa nyingi, sikuona ubaya. Sauti ya mwanadamu ndiyo ala ya kwanza aliyoiumba Mungu. Nililisema hilo mara nyingi, pengine mara nyingi kupita kiasi.

Aliyeona ubaya ni Yustina, mpiga kinanda wetu. Nilimfundisha kusoma noti alipokuwa msichana wa shule. Leo ni mama mzima mwenye cherehani yake pale Chanji. Ndiye aliyepata habari za sintesaiza, kinanda cha namna nyingine kilichotoka mwaka huu, cha bei ambayo hata kwaya ya parokia inaweza kuimudu. Wauzaji walikubali tuijaribu kwanza. Ikitufaa, tuichukue, isipotufaa, irudi ilikotoka.

Nilianza kuitilia shaka kabla haijafika, na niliwaonya wanakwaya kwamba itatuaibisha.

Yustina alinisikilizisha kwenye simu yake maneno ya wanamuziki wa mijini. Mmoja alisema amelia aliposikia sauti yake. Mwingine alisema sasa maskini na tajiri watapiga sauti moja. Nikamuuliza Yustina, je, hawa wameigusa? Akacheka, akasema wengi wao bado wanaisubiri. Katika umri wangu nimejifunza kuogopa sifa zinazotangulia kitu chenyewe. Hata nabii wa uongo hutanguliwa na watu wa kumsifu.

Ilipofika, shaka yangu ilipata chakula. Vinanda vya umeme nilivyovizoea vina sauti zilizohifadhiwa ndani yake: ukitaka filimbi, unabonyeza filimbi. Hii haina filimbi wala fidla. Inatengeneza sauti palepale kwa mkondo wa umeme, na mpigaji huifinyanga kwa kuzungusha vifundo vilivyojaa usoni mwake. Ukishaipata sauti nzuri, haikumbuki. Kesho uitafute tena. Yustina alichukua chaki yake ya kukatia nguo akaweka alama kando ya kila kifundo ili ajue pa kurudi. Nilimtazama akifanya hivyo na sikumsifu, ingawa ilikuwa busara.

Jana jioni tulikusanyika kwenye ukumbi wa parokia kwa mazoezi. Palikuwa na jiko la mkaa katikati, na waimbaji wote wamejibana kulizunguka. Alikuwepo pia Oswald, ambaye hupiga kinanda katika bendi ya harusi kule Milanzi. Si mtu wa kwaya, lakini habari ya chombo kipya humtoa mwanamuziki popote alipo.

“Shikamoo, Mwalimu,” alisema, huku macho yake yakiwa tayari kwenye vifundo.

“Marahaba. Umekuja kusali au kuchezea?”

“Nimekuja kusikia, Mwalimu. Hii ndiyo sauti ya bendi za wazee wetu. Sikia ilivyoshiba!”

Akabonyeza kitufe cha chini kabisa. Ukumbi ukatetemeka. Masanja, mwimbaji wetu wa besi, ambaye familia yake ilihamia Mollo na ng'ombe wao, akaruka kutoka kwenye benchi.

“Mwalimu, hili ni dume langu! Hivi ndivyo linavyonguruma likiona dume la jirani. Mnataka tuliingize kanisani?”

Watu wakacheka, nami nikacheka kwa sababu ambayo haikuwa njema. Nilifurahi kwamba chombo kimechekwa.

Kisha Oswald akaweka vidole vitano kwa pamoja, akakunja uso. Akarudia. “Nikibonyeza cha tano, cha kwanza kinakufa! Inatoa sauti nne tu. Sasa mtu atapigaje?”

“Kaka Oswald,” alisema Yustina bila kuinua kichwa, “kwaya ina sauti nne. Ya tano ni kelele zako.”

Alipoketi yeye na kupiga wimbo wa kuingilia, soprano, alto, tenori na besi, kila sauti ilisimama mahali pake kama waamini katika mabenchi yao. Ulikuwa mlio mnyofu, wenye uhai, usiofanana na kitu kingine. Nilitoa uma wangu wa chuma wa kupimia sauti, nikaugonga gotini na kuuweka sikioni, nikitumaini, Mungu anisamehe, kupata kasoro. Sikuipata. Ilikuwa sawasawa.

Lakini Yustina alikuwa amesoma maelezo yaliyokuja nayo. Baada ya mazoezi alinifuata akanieleza kwamba chombo cha namna hii hubadilika kwa baridi na joto. Kikiwashwa kikiwa baridi, sauti yake hupanda taratibu kadiri kinavyopata moto, na kwa hiyo ni lazima kiwashwe mapema, kikae nusu saa nzima, ndipo kirekebishwe. Jana kiliwashwa tangu alasiri, karibu na jiko. Leo kanisani ingekuwa habari nyingine.

“Mwalimu, ufunguo wa kabati la ala unautunza wewe. Naomba kesho uje saa kumi na moja na nusu unifungulie, niiwashe ipate joto kabla ya Misa.”

Nilimjibu, “Nitakuja.”

Leo niliamka saa kumi na moja kamili. Sikulala kupita kiasi, sikuugua, miguu haikuniuma kuliko siku nyingine. Niliwasha taa, nikavaa koti, nikaketi kitandani, nikaanza rozari. Nilipofika mwisho, saa kumi na moja na nusu ilikuwa inakaribia. Nyumba yangu inatazamana na uwanja wa kanisa. Hatua mia moja, au pungufu.

Nikaanza rozari ya pili.

Sijawahi kuandika sentensi nzito kuliko hiyo. Kwa nje nilikuwa mzee anayesali. Kwa ndani nilikuwa nahesabu dakika. Nilijua kila punje iliyopita vidoleni mwangu ilikuwa inamwacha Yustina mlangoni kwenye upepo, na ilikuwa inakiacha chombo chake kwenye baridi. Nilitaka kionekane kilivyo, ndivyo nilivyojiambia. Kikiwa kizuri kweli, kitastahimili. Nilitumia jina la Mama wa Mungu kufunga kabati.

Nilifika kengele ya pili ikilia, Misa ikiwa inakaribia kuanza saa kumi na mbili na nusu. Yustina alikuwa kwenye ngazi, mikono kwapani. “Tumsifu Yesu Kristo,” alisema. “Milele, amina,” nilijibu, nikampa ufunguo. Alifungua kabati. Aliwasha chombo, akakirekebisha upesi, paroko akaingia.

Wimbo wa kuingilia ulikwenda vizuri. Tatizo lilikuwa kwenye wimbo wa Utukufu. Kwaya yetu ina desturi niliyoianzisha mwenyewe miaka mingi iliyopita, niliyoipata seminari kabla sijatoka: ubeti wa katikati huimbwa bila ala, kwa sauti nyembamba, kisha ala inarudi kwa nguvu katika kiitikio. Kwaya ikaimba ubeti wake vizuri ajabu, bila kushuka. Wakati huo chombo kilikuwa kinapata moto na kupanda kimyakimya. Yustina aliporudi katika kiitikio, kilikuwa juu yetu. Hakikufika nusu sauti, hatua kamili ambayo tungeweza kuifuata, na afadhali kingefika, kwa maana wimbo mmoja ukawa nyimbo mbili zinazogombana. Soprano walijaribu kukifuata. Besi walibaki chini. Mtoto mmoja mbele akaziba masikio, na nikasikia kicheko kwenye mabenchi ya nyuma, ndani ya Utukufu.

Yustina alikizima. Tukamaliza Misa bila ala.

Baada ya baraka, Apolinari, mwenyekiti wa kwaya, alinishika mkono mbele ya watu wote. “Mwalimu, ulituonya, hatukusikia.” Wengine wakaitikia. Mama mmoja alisema Yustina anapenda mambo ya mjini. Masanja alisema dume limevunja zizi. Oswald, aliyekuja Misa kwa ajili hiyo tu, alijaribu kueleza kwamba chombo hakina kosa, kosa ni baridi, lakini nani amsikilize mpigaji wa harusi? Apolinari akasema kesho jioni kamati itakaa. Chombo kitarudishwa, na Yustina apumzike kidogo, ampishe mtu mwingine.

Akamgeukia. “Hukujua kwamba hii inataka kuwashwa mapema?”

Yustina alinitazama mara moja, kisha akatazama chini. “Nilichelewa kuiwasha,” alisema.

Nami nilinyamaza.

Nilipokea sifa ya mwonaji wakati mimi ndiye niliyetengeneza anguko nililolitabiri. Nimefundisha katekisimu miaka mingi. Najua jina la dhambi hiyo, na najua kwamba si moja.

Alasiri nilitembea hadi Chanji. Sikumbuki ni lini nimekwenda mbali hivyo kwa miguu. Yustina alikuwa anashona sare ya shule, akanipa kiti. Nilimweleza yote: saa niliyoamka, rozari ya kwanza, rozari ya pili. Nilitarajia mshangao. Hakushangaa.

“Taa yako ilikuwa inawaka, Mwalimu. Nilikuwa naiona kutoka kwenye ngazi.”

“Sasa kwa nini ulisema umechelewa?”

Alikata uzi kwa meno. “Ningesema nini? Kwamba Mwalimu aliyenifundisha do, re, mi amenifungia nje? Nani angeniamini? Na kama wangeniamini, je, ningefurahi?”

Nikamwomba msamaha. Aliikunja sare ile magotini, kisha akasema kwa upole, lakini bila kunipunguzia chochote: “Mimi nimekusamehe tangu asubuhi, Mwalimu. Lakini wanaoamini kwamba sijui kazi yangu si mimi. Ni wao.”

Nimerudi nyumbani na maneno hayo. Kitubio ambacho ningependa kupewa ni sala, nyingi iwezekanavyo, mahali pa faragha. Hicho sicho ninachopewa.

Nimempigia Apolinari simu kabla ya kuanza kuandika. Nimemwomba kesho, kabla ya ajenda yoyote, nizungumze wa kwanza, na Yustina awepo. Alidhani nataka kukilaani chombo. “Sema yote, Mwalimu,” alisema kwa furaha, “tumalize jambo hili.”

Sintesaiza bado siiamini. Kitu kisichokumbuka sauti yake ya jana, kinachobadilika kwa hali ya hewa, nitakihoji maisha yangu yote yaliyobaki, na kamati ikiniuliza nitawaambia hivyo pia.

Lakini watakaponipa nafasi kesho, sitasimama kuzungumza juu ya sintesaiza.