Kanda ya Chumba cha Uani

Makole,
Dodoma.
11 Februari 2024

Mpendwa mwanangu Thobias,

Mbukwa, mwanangu. Nakuamkia kwa salamu ya kwetu usije ukaisahau huko Kanada. Hujambo? Kile kifua kimepona? Sisi huku wazima. Bibi yako Evelina miguu inamsumbua lakini mdomo uko palepale. Mama yako mdogo Cecilia anauliza kama bado unakula ugali au umeshakuwa mtu wa mikate.

Mimi baba yako mdogo niko imara, ila mji umenielemea. Nadhani habari zimefika huko kwamba bila mimi Dodoma hii isingekuwa makao makuu ya chochote. Wapimaji walipokuja Msalato kutafuta pa kuweka uwanja wa ndege, walizunguka na miwani yao mpaka nilipowaonyesha kwa kidole upepo unakotokea. Mkubwa wao akaniuliza, "Mzee, umesomea wapi?" Nikamwambia darasa la saba, na hilo nililimaliza ili nisiwaudhi walimu. Akaandika.

Sasa jambo lako. Ulisema kwenye simu vitu vya marehemu baba yako vitoke chumba cha uani kabla ya mwezi kwisha, apate kuingia mpangaji, na vitu vyenyewe achukue Shahil wa dukani. Sijakaidi. Ila kuna yaliyotokea, na afadhali uyapate kwangu kuliko kwa bibi yako, maana yeye huongeza chumvi.

Ulitoka nyumba hii ukiwa unatambaa, kwa hiyo nikueleze kilichomo. Kuna tivii ya mgongo, kuna gemu ya vifaru yenye pedi mbili, na kuna redio kaseti. Gemu hiyo ilikuwa ya kwanza Makole nzima. Watoto walikuwa wanadandia malori kutoka Kibaigwa kuja kunitazama mimi nikicheza. Tivii ilikuwa bubu, spika imeungua, basi baba yako Yotham alikuwa anaweka kanda ya Bhagwanji, vifaru vyetu vikapigana vita kwa magitaa.

Bhagwanji ni babu yake Shahil, fundi redio. Miaka ya sitini, ujanani kwake, alifuga nywele mpaka mabegani, na roki ya Wazungu aliipenda kuliko duka la baba yake. Kanda hiyo alimrekodia baba yako sebuleni kwake, redio imewekwa mbele ya santuri. Kwa hiyo unasikia gitaa, unasikia sindano ikikwaruza, na katikati ya wimbo wa tatu unamsikia mkewe, mama Jashoda, anaita kutoka jikoni kwa Kigujarati kwamba chakula kinapoa. Kila tulipofika hapo baba yako alijibu bila kutoa macho kwenye tivii, "Tunakuja, mama." Mimi nacheka mpaka kifaru changu kinalipuliwa.

Umeme ukikatika gemu ilipotea yote, haikuwa inatunza kitu. Ukirudi, redio ndiyo iliyotangulia kuamka, kwa sababu kitufe kilikuwa kimebaki chini. Gitaa linalia ghafla, na baba yako anasema, "Haya dogo, mwanzo." Hakulalamika hata siku moja. Haya dogo, mwanzo.

Kisha akaenda Kibaigwa kufuata mahindi, na lori likarudi linaendeshwa na mtu mwingine.

Jumatano alikuja kijana wa bungeni, Habibu, mstaarabu kabisa, kuangalia chumba. Mvua ilikuwa imekata umeme tangu asubuhi. Amesimama anapima kwa macho kitanda chake kitakaa wapi, umeme ukarudi. Gitaa likapiga. Habibu akauliza, "Humu yumo nani?" Mama yako mdogo akamjibu kutoka kwenye karo, anasugua masufuria, "Ni shemeji huyo. Utamzoea." Habibu hakuaga.

Ijumaa nikamwita Shahil abebe. Akasema aijaribu kwanza redio kama ni nzima. Akawa anaucheka ule muziki, anatikisa kichwa kama babu yake. Ulipofika wimbo wa tatu akakaa kitandani. Nikamwambia, "Anasema chakula kinapoa." Akanijibu taratibu, "Najua anachosema, anko. Ni bibi yangu." Mama Jashoda tulimsindikiza safari yake ya mwisho zamani. Shahil akasikiliza mpaka mwisho, akairudisha redio mahali pake, akaifuta vumbi kwa kiwiko. Kasema hachukui mpaka mwenye navyo atamke mwenyewe kwamba anavitoa. Mwenye navyo ni wewe.

Bibi yako anataka mchungaji aje kuombea chumba. Nikawaeleza kitaalamu habari ya kitufe. Cecilia akasema, "Kitufe sawa. Na kanda je? Mbona kila umeme ukirudi inaanzia mwanzo?" Nikamwambia ufundi ni mrefu.

Nisikudanganye, sauti ya baba yako haimo. Kilichomo ni nafasi yake. Mama Jashoda akishaita, panakuwa na kimya kidogo kabla gitaa halijarudi, na hapo ndipo alipokuwa anajibia. Ukisema nitoe, nitatoa. Ila ningependa ukae mara moja kwenye kile kitanda, usikie pale palipo wazi, ndipo useme.

Nisalimie mkeo Sabrina na wale wenzako wa Kitanzania. Bibi anakuombea Mungu akutangulie kwenye barafu usianguke.

Nikupendaye kama nilivyompenda aliyekuzaa,
Baba yako mdogo Sostenes

N.B. Hapa usimsomee mtu. Umeme ukikatika naingia chumbani, naitoa ile kanda, naizungusha kwa kalamu ya biki mpaka mwanzo, nairudisha na kubonyeza kitufe. Mji mzima unalalamika giza, mimi nimekaa kitandani na pedi ya pili mkononi, ya kwanza nimeiweka upande wake. Umeme ukirudi, wimbo wa tatu ukifika, namjibu mama Jashoda, maana mtu akiita chakula si vizuri anyamaziwe. Halafu nabaki nimekaa vilevile, mtu mzima na mvi zangu, nangoja kuambiwa nianze.